Alama za Maradhi ya Marfan

Tarehe 24 Januari 1986, katika mji wa Matsue nchini Japani, Flo Hyman, Mmarekani aliyehesabiwa miongoni mwa wachezaji hodari kabisa wa mpira wa wavu duniani, alitolewa kiwanjani ili mwenzake ashike nafasi yake, akaketi kwenye benchi, na mchezo ungali ukiendelea akaanguka, asiamke tena. Umri wake ulikuwa miaka 31, na haikupata hata miaka miwili tangu aliposaidia kuipatia nchi yake nishani ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles. Awali ilidhaniwa kwamba ni moyo uliosimama ghafula, lakini jamaa zake walitaka mwili wake uchunguzwe, na tabibu aliyeuchunguza alikuta kwamba aota, yaani ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni na kuigawa mwilini kote, ulikuwa umepasuka, na kwamba sababu ya kupasuka kwake ni maradhi ya kuzaliwa nayo yaitwayo maradhi ya Marfan, ambayo marehemu aliishi nayo maisha yake yote bila ya mtu kumwambia kwamba anayo.

Linalonihuzunisha katika habari hii ni kwamba mwili huo haukuwa umefichwa. Urefu wake uliokaribia mita mbili na ule upana wa mikono yake uliompa nguvu ya kupiga mpira ulitazamwa na maelfu kwa maelfu ya watu, wakausifu, na ni haki yao kuusifu, kwa kuwa aliyekuwa nao alikuwa mtu wa juhudi kubwa. Ilhali katika hizo hizo sifa zilikuwamo alama ambazo tabibu mwenye kuzijua angeweza kuzisoma.

Wa kwanza kuandika habari za alama za namna hii alikuwa Antoine Marfan, tabibu wa watoto wa mjini Paris, ambaye mwaka 1896 aliwaeleza wenzake juu ya binti mdogo wa miaka mitano mwenye mikono, miguu na vidole vyembamba vilivyorefuka kupita kadiri. Wataalamu waliorejea maelezo yake baadaye huona kwamba yamkini binti yule alikuwa na maradhi mengine ya jamaa hiyo hiyo, wala si haya tunayoyaita leo kwa jina la tabibu wake. Lakini jina limeshika. Ilipita miaka mingi kabla ya watu kutambua kwamba macho nayo yamo katika habari hii, na ikafika miaka ya 1940 ndipo lilipofahamika lile lililo kubwa zaidi, kwamba aota nayo imo. Kisha Victor McKusick, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, akazikusanya habari hizi katika kitabu alichokitoa mwaka 1956, akabainisha kwamba mifupa, macho na mishipa ya damu, vitu ambavyo kwa mtazamo wa juu havina udugu, huugua pamoja kwa sababu vyote hushikiliwa na kitu kimoja.

Kitu hicho ni tishu unganishi, ambazo kazi yake ni kuvishika viungo vya mwili mahali pake na kuvipa uimara na wepesi wa kunyumbuka. Ndani yake mna nyuzi nyembamba mno zinazofanywa kwa protini iitwayo faibrilini, iliyogunduliwa mwaka ule ule wa 1986 na Lynn Sakai na wenzake. Na nyuzi hizi hufanya kazi ya fito katika ukuta wa nyumba ya udongo, maana juu yake ndipo hupangwa protini nyingine inayoupa mshipa uwezo wa kutanuka na kurejea, na fito zikiwa haba au mbovu, ukuta husimama kwa muda, lakini kila msukumo huuacha dhaifu kuliko ulivyokuwa. Mwaka 1991 ilidhihirika kwamba jeni inayotoa maagizo ya kutengeneza faibrilini, iliyoko katika kromosomu ya 15, ndiyo yenye hitilafu kwa wagonjwa wa Marfan. Aidha faibrilini huzuia vichocheo fulani vya ukuaji visifanye kazi kupita haja, na hii ni sehemu ya maelezo ya kwa nini hitilafu hiyo huleta udhaifu mahali pamoja na ukuaji wa kupindukia mahali pengine.

Sasa tuziangalie alama zenyewe, tukianzia zile ambazo hata mzazi aweza kuziona. Mgonjwa aghalabu ni mrefu kuliko ndugu zake, mwembamba, na akinyoosha mikono yake kulia na kushoto, umbali wa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole huushinda urefu wake wa kusimama, hata kuuzidi kwa zaidi ya sehemu tano katika mia. Akikikunja kidole gumba ndani ya kiganja na kukifumbata kwa vidole vingine, ukucha wote wa gumba hujitokeza upande wa pili wa ngumi. Na akiuzungushia mkono mmoja kifundo cha mkono wa pili, gumba na kidole cha mwisho hukutana na kupandiana, gumba likaufunika ukucha wa mwenzake. Kifua chaweza kuwa kimebonyea katikati au kimechomoza mbele, uti wa mgongo ukapinda kwa ubavu, kaakaa likawa limeinuka juu na meno yakasongamana, nyayo zikawa bapa, na ngozi ya mabega na kiuno ikawa na michirizi kama ya mtu aliyenenepa upesi, na hali hakunenepa.

Hapa pana haja ya hadhari. Katika Afrika ya Mashariki na Sudani ya Kusini ziko kaumu ambazo urefu na wembamba ndio maumbile yao, na kumtilia mtu wao shaka kwa kimo chake tu ni kumdhulumu. Wala hakuna alama hata moja katika hizo nilizozitaja ambayo peke yake yatosha kumhukumu mtu. Kinachotakikana ni kuzijumuisha. Mtoto mwenye alama hizi hupelekwa kwa daktari wa mifupa kwa ajili ya mgongo, mwaka mwingine akapelekwa kwa wa macho, mwaka wa tatu kwa wa mapafu, na kila mmoja akamtibu kwa uaminifu sehemu iliyo yake, pasiwe na aliyekaa akamtazama mtoto mzima. Kwa maoni yangu kasoro hii ndiyo inayoua watu wengi zaidi kuliko uhaba wa dawa.

Jicho hasa lastahili kusemwa kwa tafsili, kwa sababu ndilo linaloweza kutoa ushahidi wenye nguvu. Lenzi ya jicho huning'inizwa kwa nyuzi za faibrilini, na nyuzi hizo zikilegea lenzi huhama, mara nyingi kuelekea juu; zaidi ya nusu ya wagonjwa hupatwa na jambo hili. Mtoto huanza kutoona mbali, hupewa miwani, miwani ikabadilishwa mara kwa mara, na asipotiwa dawa ya kupanua mboni ili lenzi ionekane vizuri, kuhama kwake hakutambuliki. Mtu mwenye lenzi iliyohama bila ya kugongwa jicho hana budi kupimwa aota yake.

Nayo aota hupimwa bila ya kisu wala maumivu, kwa mashine ya mawimbi ya sauti inayouonyesha moyo ukipiga. Kwa mgonjwa wa Marfan shina la mshipa huu hutanuka polepole, mwaka baada ya mwaka, naye hasikii lolote. Kisha siku moja utando wa ndani huchanika na damu ikajipenyeza baina ya tabaka za ukuta. Maumivu yake huja ghafula, makali mno, ya kuchana, kifuani au mgongoni baina ya mabega, na kijana mrefu mwembamba ajaye hospitali na maumivu ya namna hiyo asirudishwe nyumbani na vidonge vya tumbo kwa hoja ya kwamba umri wake si wa kuugua moyo.

Takriban mtu mmoja katika kila watu 5,000 ana maradhi haya, wanaume kwa wanawake, wa kila taifa. Mzazi aliye nayo, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuyarithi. Lakini kiasi cha robo ya wagonjwa hawakuyapata kwa mzazi, bali hitilafu ilianzia kwao, na kwa hiyo kutokuwapo kwa kisa katika nasaba si dalili ya salama. Baada ya msiba wa Hyman, ndugu yake wa kiume alichunguzwa, akaonekana naye ana maradhi yale yale, akafanyiwa operesheni.

Hitilafu ya jeni haijapatiwa njia ya kuondolewa, ila mengi yafanyika. Ziko dawa za kupunguza kishindo cha damu katika ukuta wa mshipa. Mgonjwa hukatazwa kunyanyua mizigo mizito na michezo ya kugongana. Na mwanamke hushauriwa kupimwa kabla ya kushika mimba, kwa kuwa ujauzito huongeza hatari. Mshipa ukifikia upana wa sentimita 5 hivi, au kabla ya hapo ikiwa ukoo una historia ya kuchanika, madaktari hukata sehemu iliyotanuka na kuweka bomba la kitambaa, kwa njia iliyoelezwa na Bentall na De Bono mwaka 1968, au kwa ile ya Tirone David wa Toronto inayoiacha vali ya moyo ya mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1972 wagonjwa waliofuatiliwa Marekani walikuwa wakifa wakiwa na wastani wa miaka 32. Katika muda wa miaka ishirini na kitu matarajio yao yalifika karibu na miaka 70. Aliyewekewa bomba huendelea kupimwa kila mwaka, kwa sababu sehemu ya aota iliyobaki imefumwa kwa faibrilini ile ile.