Kazi za Mapendo na Mutandao wa Intaneti: Foni ya Dungu Yatufundisha Nini?

Katika seminari tunazoea kuuliza juu ya kila kitu: shabaha yake ni nini? Swali hili lafaa vilevile kwa intaneti. Siku hizi karibu kila kazi ya mapendo, iwe Caritas ya parokia, dispensari, nyumba ya yatima ao chama cha wajane, yataka kuwa na ukurasa wake Facebook na kundi lake WhatsApp. Kijana mumoja anafungua ukurasa, anatia picha kumi, na kiisha miezi miwili hakuna neno tena. Ukurasa unabaki kama nyumba isiyo na mwenyewe. Sababu si uvivu tu. Sababu ni kushika chombo mbele ya kujua shabaha.

Katika makala hii tutaangalia mambo matatu: kwanza mafundisho ya Eklezia, kisha habari iliyotokea katika inchi yetu wenyewe, na mwisho maswali matano ya kutuongoza.

I. MAFUNDISHO YA EKLEZIA

Eklezia haikukimbia vyombo vya habari. Tarehe 4 Desemba 1963, Mutaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa dekreto Inter Mirifica. Yafundisha kwamba vyombo hivi vyaweza kuleta faida kubwa, na tena vyaweza kuleta hasara, kadiri watu wanavyovitumia. Tangu mwaka 1967 tunayo siku ya kila mwaka ya mawasiliano. Vatikano ilifungua ukurasa wake wa intaneti mwaka 1995. Tarehe 12 Desemba 2012, Papa Benedikto XVI aliandika neno lake la kwanza Twitter. Na tarehe 28 Mei 2023 Roma ilitoa andiko juu ya mitandao hii ya watu, lililochukua mufano wa Musamaria mwema. Mufano huo ni mwema sana kwetu. Watu wengi wanapita njia ya Yeriko. Anayehesabiwa ni yule aliyesimama.

Lakini mutu ataleta shaka: Je, Bwana wetu hakutukataza kupigia tarumbeta mbele ya sadaka zetu? Ndiyo, alikataza. Lakini ni yeye pia aliyesema kwamba taa haiwekwi chini ya kifuniko. Maneno haya mawili hayapingani. Tofauti iko katika shabaha. Tukitangaza kusudi padri asifiwe, tumekwisha kupata mushahara wetu. Tukitangaza kusudi mwenye kuumia ajulikane na asaidiwe, tunafanya kazi ya mapendo. Na pengine kunyamaza ndiko kosa. Tuone sasa kwa nini.

II. HABARI YA UELE

Tangu Noeli ya mwaka 2008 hata katikati ya Januari 2009, waasi wa LRA wa Joseph Kony, waliotoka Uganda, waliua watu zaidi ya 600 katika Haut-Uele, pande za Faradje, Doruma na Duru. Mwaka uliofuata, kati ya tarehe 14 na 17 Desemba 2009, walipita vijiji vya Makombo. Waliua watu wasiopungua 321, wakateka wengine zaidi ya 250, na watoto wengi kati yao. Dunia ilipata habari kamili ya Makombo mwisho wa Machi 2010, Human Rights Watch ilipotoa ripoti yake. Miezi mitatu ilikuwa imepita! Barabara hazikuwako, simu haikuwako, na kijiji kilichokuwa mbele hakikuonywa.

Basi, Tume ya Haki na Amani ya diosezi ya Doruma-Dungu, iliyoongozwa na Abbé Benoît Kinalegu, ilitafuta dawa. Haikuanza na intaneti. Ilianza na foni, ile foni ambayo misioni zetu zinaijua tangu zamani. Kwa musaada wa shirika la Marekani liitwalo Invisible Children, foni ziliwekwa katika vijiji vingi. Mutu wa kijiji anasema mara mbili kwa siku: waasi wameonekana wapi, ni wangapi, wameelekea wapi, wamechukua nani. Vijiji vingine vinasikia palepale, na watu wanaweza kukimbia ao kujificha.

Ni kiisha hayo tu intaneti ilipoingia. Tangu mwaka 2011, habari za foni zilikusanywa, zikapimwa, zikatiwa katika karta moja ya intaneti iliyoitwa LRA Crisis Tracker. Mutu wa Kinshasa, wa Kampala ao wa Washington aliweza kuona tarehe na pahali pa kila shambulio. Wakubwa hawakuweza tena kusema: Hatukujua. Angalieni utaratibu wake: kwanza shahidi, kisha jirani, kisha dunia.

III. FILAMU YA MWAKA 2012

Tarehe 5 Machi 2012, shirika lilelile la Invisible Children lilitoa katika intaneti filamu ya nusu saa, jina lake Kony 2012. Katika siku sita ilitazamwa mara milioni 100. Mbele ya hapo hapakuwa na kazi ya mapendo iliyopata watazamaji wengi hivi kwa upesi hivi. Vijana wengi wa Ulaya na Marekani walisikia jina la Kony kwa mara ya kwanza. Hayo ni mema, tusiyadharau.

Lakini matata yalikuja upesi. Filamu ilikawia sana juu ya Uganda, hali LRA ilikuwa imeondoka huko miaka mingi, na waliokuwa wakiuawa walikuwa watu wa Congo, wa Afrika ya Kati na wa Sudani ya Kusini. Mwenye kusimulia alikuwa mutengeneza filamu pamoja na mutoto wake mudogo. Watu wa Uele hatukuwasikia. Mwezi uleule filamu ilionyeshwa katika muji wa Lira, Uganda, mbele ya maelfu ya watu, na wengi kati yao walikuwa wameumizwa na LRA. Walikasirika, hata mawe yakatupwa. Waliona jina la mutesi wao limetiwa juu ya nguo na matangazo kama jina la mutu wa sifa. Tarehe 20 Aprili vijana wa dunia waliitwa wajaze miji yao matangazo usiku. Wachache tu walitokea. Mwaka ukaisha, Kony hakukamatwa.

Basi, shirika moja lilifanya kazi mbili. Karta ilisimama juu ya neno la shahidi, nayo ilifaa hata kama watazamaji wake walikuwa wachache. Filamu ilisimama juu ya wingi wa watazamaji, na wingi ule uliyeyuka kama umande. Kwa hiyo hesabu ya waliotazama si hesabu ya waliosaidiwa.

IV. MASWALI MATANO

Mbele ya kufungua ukurasa, halmashauri ya kazi ijibu maswali haya kwa maandiko.

1. Nani anasema? Mwenye kuumia asiwe sanamu tu ya kuhurumiwa. Asikiwe, na mbele ya kutangaza aonyeshwe yale tuliyoandika juu yake.

2. Tunasema na nani? Wakristu wa parokia, wafazili wa ngambo na wakubwa wa Leta hawasikii kwa sikio moja. Kijijini radio na foni zashinda. Mujini WhatsApp yafaa, lakini tukumbuke kwamba watu wananunua unite kwa taabu: sauti ya dakika mbili ni bora kuliko filamu nzito. Kwa mufazili wa mbali, ukurasa safi na barua ya kila miezi mitatu vyatosha.

3. Tunaomba nini? Sala, franka, dawa, ao ushuhuda mbele ya wakubwa? Tuombe jambo moja lililo wazi, linaloweza kutimizwa.

4. Nani aweza kuumia? Mutoto aliyerudi toka musituni, mwanamuke aliyetendewa jeuri, shahidi aliyetaja wauaji: picha zao na majina yao yasitoke. Adui naye anasoma intaneti. Picha ikitoka, hakuna wa kuirudisha.

5. Nani atajibu kesho? Mutu akiuliza, ajibiwe. Mutu akitoa, aambiwe franka zake zimefanya nini, hata kama ni chache. Tena funguo za ukurasa zisikae katika simu ya kijana mumoja, kwa maana akihama, yote yanapotea. Wawili wazijue, na padri mukubwa wa parokia azihifadhi.

Tuongeze onyo moja: tusitegemee chombo kimoja tu. Tangu tarehe 31 Desemba 2018, kiisha uchaguzi, intaneti ilifungwa katika Congo yote kwa muda wa siku karibu 20. Kazi iliyokuwa na WhatsApp peke yake ilibaki bubu. Iliyokuwa na foni, wakatekista na barua iliendelea kusema.

Ndugu waseminari, mutakapopewa parokia, vijana watawajia na mashauri mengi juu ya mitandao. Musiwakatishe moyo, kwa maana wanajua chombo kuliko sisi. Lakini wapeni karatasi moja yenye maswali haya matano, na muwatume kwanza kwa katekista wa kijiji cha mbali, wakamuulize ni nani anayeumia huko na anataka dunia ijue nini. Wakirudi na jibu lake, wakati wa kufungua ukurasa umefika.