Bima ya Mipira ya Gari: Tuikate au Tuweke Akiba?

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Usemi huo ndio ngao ya wauza bima kila mahali, wala hatuwalaumu, kwani ni usemi wa kweli. Lakini tahadhari ina namna nyingi, na si kila namna huuzwa kwa stakabadhi.

Leo tunapenda kuzungumzia bima ya mipira na rimu za gari. Huko Marekani na Uingereza biashara hii imeota mizizi. Mnunuzi wa gari huahidiwa kwamba mpira ukichomwa na msumari au kigae cha chupa, au rimu ikipinda kwa kutumbukia shimoni, kampuni italipia matengenezo au itatoa kingine. Jamaa zetu waishio ng'ambo wanalifahamu jambo hili, na haitakuwa ajabu swali lake likibisha hodi Unguja na Pemba: je, yafaa kuikata?

Jibu letu ni kwamba kwa wengi wetu haifai, na sababu zake ni hizi.

Asili ya bima ni watu wengi kuchanga kidogo kidogo, ili mmoja wao asifilisike atakapopatwa na hasara asiyoweza kuibeba peke yake. Nyumba ikiungua, au dereva akimgonga mpita njia na kudaiwa fidia, hasara hiyo yaweza kummaliza mtu. Ndiyo maana sheria humlazimisha kila mwenye gari kukata walau bima ndogo, kwa ajili ya watu wengine walioko barabarani. Hilo halina mjadala. Mpira kupasuka nako ni hasara, tena yauma, lakini si hasara ya kumfilisi mtu aliyemudu kununua gari.

Natufanye hesabu. Tuseme bima hiyo ya miaka 3 inauzwa shilingi 900,000, na mpira mpya mmoja ni shilingi 250,000. Itambidi mwenye gari aharibikiwe na mipira 4 katika muda huo ndipo fedha yake irudi. Tena si uharibifu wowote utakaolipwa: mpira uliochakaa kwa kutumika kwa kawaida haumo katika mikataba hiyo, na pancha ndogo fundi wa mtaani huiziba kwa fedha kidogo.

Wala msomaji asitegemee sana bima kubwa. Aghalabu bima hiyo haifidii mpira uliotoboka au kupasuka peke yake, isipokuwa gari nalo limeumia katika ajali hiyo hiyo. Karatasi isomwe kabla ya kutiwa saini.

Hatusemi kwamba hakuna wa kufaidika. Mwenye gari la rimu kubwa za thamani na mipira ya ubavu mwembamba, apitaye kila siku penye mashimo, akipewa bima kwa bei isiyofikia ile ya mpira mmoja, na aikate. Wengine wetu tuitie fedha hiyo kibubuni kila mwezi. Mwaka ukipita salama, fedha inabaki kuwa yetu.

Kwa viongozi wetu Serikalini tunalo neno. Idara yenye magari mengi tayari imejikatia bima yenyewe, kwa kuwa mipira ya magari yote haiharibiki kwa siku moja. Fungu la mipira katika bajeti, likisimamiwa kwa uaminifu, latosha. Na shimo lililozibwa barabarani huokoa mipira ya kila apitaye, mwenye bima na asiyekuwa nayo.

Linalotutia hofu ni kuona fedha iliyookolewa ikaishia kwenye matumizi mengine, na gari likaendelea kutembea na mipira kipara. Mpira wenye upepo mdogo hupata joto mwendoni na waweza kupasuka ghafla. Mpira pia huzeeka hata ukiwekwa ghalani. Ubavuni mwake zimo tarakimu 4: mbili za mwanzo ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Penye 2319, mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Anayenunua mipira iliyokwisha kutumika azitafute tarakimu hizo kabla ya kutoa fedha, na upepo upimwe kabla ya kila safari ndefu.

Bima ya mpira hulipa mpira, hairudishi roho ya mtu. Abiria wa gari la shamba, aliyekaa na kapu lake la muhogo akielekea sokoni, hakuulizwa ni mpira gani utakaombeba. Anamtegemea mwenye gari, na anamtegemea askari wa usalama barabarani. Nawasimuangushe.