ANWANI YA KUDUMU KWA PRINTA YA OFISI: KUIWEKA NA KUIFUNDISHA

Katika shule na vyuo vyenye kompyuta, aghalabu printa moja huwekwa ofisini ili walimu wote waitumie kwa njia ya mtandao. Mpango huu hupunguza gharama, lakini una udhaifu mmoja ambao hujitokeza siku ya haja. Mtihani umekwisha kuandikwa, wanafunzi wamekaa wanangoja, nayo kompyuta yasema kwamba printa haipatikani, ingawa printa imewashwa na ina karatasi. Mara nyingi mashine haikuharibika. Imebadilishiwa anwani tu. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi ya kuipa printa anwani isiyobadilika, na jinsi ya kulifundisha jambo hilo hata pasipo kompyuta.

1. Maana ya anwani

Kila chombo kilichoungwa katika mtandao wa ofisi hutambulikana kwa anwani. Katika ofisi nyingi anwani hiyo ni namba nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255, mathalani 192.168.1.20. Utaratibu huu uliwekwa mwaka 1981 na ungali ukitumika. Kwenye skrini ya printa huonyeshwa kwa herufi IP.

Anayegawa anwani kwa kawaida ni ruta, yaani chombo kiunganishacho ofisi na intaneti. Yafaa ieleweke kwamba ruta huzitoa kwa muda maalumu. Printa ikizimwa wakati wa likizo, anwani yake yaweza kupewa simu ya mgeni, na printa ikiwashwa hupewa nyingine. Kompyuta za walimu, zisijue habari hiyo, huendelea kupeleka kazi kule kule kwa zamani. Ndiyo sababu printa yahitaji kitu kama sanduku la posta: mwenyewe aweza kuhama nyumba, lakini namba ya sanduku ni ile ile.

2. Hatua za kufuata

(a) Chapisha ukurasa wa mipangilio kutoka kwenye printa yenyewe, usome anwani iliyonayo sasa.

(b) Fungua mipangilio ya ruta, utazame ni anwani zipi inazogawa. Tuseme inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, nayo yenyewe ni 192.168.1.1.

(c) Chagua anwani iliyo nje ya fungu hilo, kama 192.168.1.20. Hakikisha kwamba haina mwenyewe: kwenye kompyuta andika amri ping ikifuatwa na anwani hiyo. Amri hii ni kama kupiga hodi. Hata hivyo, kimya si ushahidi kamili, kwani chombo kilichozimwa hakiitikii. Tazama pia daftari la vifaa.

(d) Katika printa, ondoa mpango wa kupokea anwani yenyewe, ambao huandikwa DHCP, uweke mpango wa mkono. Ingiza anwani uliyochagua. Namba ya mipaka ya mtandao, ambayo katika mfano wetu ni 255.255.255.0, na lango, yaani anwani ya ruta.

(e) Zima printa na kuiwasha, kisha chapisha tena ukurasa wa mipangilio. Ukiona anwani mpya, iandikishe katika kila kompyuta.

(f) Iandike anwani katika daftari la vifaa na kuibandika juu ya printa. Mwalimu atakayekuja baadaye asilazimike kukisia.

3. Kulifundisha darasani

Somo hili lahitaji kadi tisa tu. Mwanafunzi mmoja awe ruta, mwingine tarishi, na wanane wapewe kadi zenye namba 1 hadi 8. Mmoja kati ya hao wanane awe printa, na wenzake waandike namba yake. Tarishi apeleke barua kwa kufuata namba, bila kutazama uso. Kisha ruta akusanye kadi, azichanganye na kuzigawa upya. Barua zitapotea. Mwalimu asiseme dawa, awaulize wanafunzi. Watajibu kwamba printa asinyang'anywe kadi yake.

Hapo mwalimu ampe printa kadi ya kudumu yenye namba 5, huku kadi nyingine ya namba 5 ikiwa bado mkononi mwa ruta. Watu wawili wakiwa na namba moja, tarishi hatajua aende kwa nani. Kwa njia hii wanafunzi watagundua wenyewe sababu ya hatua (c): haitoshi kumpa printa namba ya kudumu, ni lazima namba hiyo iondolewe katika fungu linalogawiwa.

Kwa kumalizia, twasisitiza kwamba mwalimu aliyekariri vitufe vya printa moja atakwama akipewa printa ya aina nyingine. Aliyeelewa kwa nini anwani hupotea ataweza kuitengeneza yoyote, na darasa lake litapata karatasi za mtihani kwa wakati.