Makabidhiano kwa Asiye na Kumbukumbu

Katika utawala wa Kongo, mtumishi anayehamishwa haondoki hivi hivi. Iwe ni ofisi ya eneo la Fizi au ya mji wa Baraka, hufanyika remise-reprise: anayetoka na anayeingia huketi mezani, huhesabu mihuri, funguo, majalada na madeni, kisha hutia saini. Hati hiyo inachosha kuisoma, na hiyo ndiyo sifa yake. Anayeingia bila hiyo hujifunza ofisi kwa kuuliza chumba cha pili, au kwa kuharibu kitu.

Wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopewa kazi ya kuandika msimbo na kuendesha amri yenyewe, huingia ofisini kila asubuhi akiwa mgeni. Kikao kikifungwa, alichojifunza hupotea, isipokuwa kile kilichoandikwa mahali. Ndiyo maana tangu 2025 hazina nyingi za msimbo zina faili liitwalo AGENTS.md: maandishi ya kawaida yanayomwambia wakala namna ya kuujenga mradi, namna ya kuupima, na vitu asivyopaswa kugusa. Ni remise-reprise ambayo anayetoka hahudhurii.

Faili hilo, hata hivyo, halisaidii sana ikiwa mwongozo wa chombo chenyewe umeandikiwa mtu mwenye jirani wa kumuuliza. Mfano mzuri ni git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, ambacho Linus Torvalds alikianzisha 2005 kwa ajili ya Linux. Watengenezaji wake waligawanya amri katika makundi mawili, wakaazima majina chooni: «mabomba» ni amri za ndani zinazotumiwa na programu nyingine, na «kauri» ni zile za juu zinazotumiwa na watu, kama beseni jeupe linaloonekana huku mabomba yamejificha ukutani. Mgawanyo unaeleweka. Kisha likaja chaguo la kuifanya amri ya git status itoe matokeo yasiyobadilika kutoka toleo hadi toleo, ili programu ziweze kuyasoma. Chaguo hilo la mashine likaitwa --porcelain, yaani kauri. Kuna kikao fulani ambamo jambo hili lilionekana sawa.

Jina ni kichekesho, lakini kazi yake si mzaha. Bila chaguo hilo, git status huandika kwa lugha ya binadamu ambayo kompyuta imewekewa. Kwenye kompyuta iliyowekwa Kifaransa, kama ilivyo kawaida Kongo, habari kwamba hakuna cha kuhifadhi huanza na «rien à valider», na skripti iliyofundishwa kusaka maneno ya Kiingereza itapita hapo bila kuona kitu. Ujumbe wa git umetafsiriwa pia kwa Kibulgaria na Kivietinamu. Kiswahili bado, sembuse Kibembe kinachosemwa Fizi.

Hatari kubwa zaidi imo katika amri zinazofanana sura. Kwa miaka mingi git checkout ilifanya kazi mbili: ikifuatwa na jina la tawi, yaani mkondo mmoja wa kazi, ilikuhamishia tawi hilo; ikifuatwa na jina la faili, ilifuta mabadiliko yako ambayo hayajahifadhiwa, bila kuuliza. Mwaka 2019 kazi hizo zilitenganishwa kwa amri mpya, switch na restore, lakini ile ya zamani haikuondolewa. Wakala amejifunza kutokana na maandishi yaliyolundikana mtandaoni kwa miaka, na mengi ya hayo yanataja checkout. Mwongozo ukiorodhesha amri zote kwa herufi moja na heshima moja, atachukua ile aliyoizoea. Hapo sentensi inayofaa si «kuwa mwangalifu». Inayofaa ni hii: kazi iliyowekwa kwenye historia kwa commit kwa kawaida hurudishwa kwa reflog, daftari la nyendo ambalo git hulitunza kwa wiki kadhaa, lakini kazi ambayo haijawekwa popote hairudi. Mtaalamu anaijua tofauti hiyo kwa sababu iliwahi kumkosesha usingizi. Wakala hana usiku wa namna hiyo wa kukumbuka.

Mitego mingine ni midogo. Ukiita git commit bila kuandika maelezo, kihariri hufunguka na kusubiri mtu aandike, na wakala husubiri nacho. Amri ya git diff ikipewa chaguo --exit-code hurudisha 1 panapokuwa tu na tofauti. Anayesoma kila namba isiyo sifuri kuwa ni kosa ataanza kukarabati kisichovunjika.

Jambo la gharama ndilo linalomrudisha msomaji Baraka. Wakala hulipiwa kwa tokeni, vipande vya maneno anavyosoma na kuandika, na nafasi ya kuvishika kwa pamoja ina mpaka. Kijana anayejifunza programu kando ya Ziwa Tanganyika hununua megabaiti, na mtaalamu wa kumuuliza huenda yuko mbali, Bukavu, au hayupo. Wakala na kijana wote wawili wanahitaji mwongozo mfupi unaojitosheleza na uliopo mashineni. Git ina mazuri hapa: miongozo yake huweza kukaa kwenye kompyuta na kufunguliwa bila intaneti, na git bundle hufunga historia nzima ya hazina katika faili moja, la kubebwa kwa flashi kwenye boti. Tofauti ni kwamba kijana akikwama hutulia, akasubiri hadi mtandao urudi au mjuzi apite. Wakala hasubiri. Hukisia, na hukisia kwa lugha fasaha, ambayo watu wengi huichukulia kuwa ushahidi.

Kwa hiyo mwongozo wa namna hii hupimwa kama msimbo unavyopimwa. Wakala hupewa nakala ya hazina isiyo na thamani, mwongozo huo tu, na kazi ya kweli. Kisha mwandishi hukaa kimya na kutazama. Wakala anapokwama au kufuta kisichofutwa, pana mstari uliokosekana, au uliozidi. Mstari wa kwanza kuondolewa huwa ule unaosema kwamba chombo hiki ni rahisi kutumia.