TUPOGOE KOKOA ZETU

Ndugu msomaji, pita katika mashamba ya kokoa kuanzia Ipinda hadi Busale. Utaona miti iliyojaa majani mpaka chini ya shamba ni giza mchana. Ukimwuliza mwenye shamba, atakujibu, "Mti wangu umenona. Eti niukate kwa nini?"

Swali hilo ni zuri. Anayeogopa panga hana kosa, kwa sababu mti ni mali. Lakini majani hayauzwi. Kinachouzwa ni kokoa kavu. Leo tujifunze namna ya kupogoa, hasa wewe ambaye hujawahi kupogoa hata mti mmoja.

Kupogoa ni nini?

Kupogoa ni kuondoa matawi yasiyofaa ili mti upate mwanga na hewa. Mti una chakula kiasi. Matawi yakiwa mengi mno, chakula huishia kwenye majani, na matunda hupata kidogo.

Tena, Kyela yetu ina mvua nyingi. Mawingu ya ziwa hugonga milima ya Livingstone na Rungwe, na mvua inatushukia. Mwezi wa Aprili na wa Mei shamba halikauki. Basi, shamba likiwa na giza na unyevu, matunda huanza kuoza. Utaona doa la kahawia, kisha tunda zima huwa jeusi. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Hukaa kwenye udongo na kwenye matunda yaliyooza. Matone ya mvua huvirusha kutoka chini hadi kwenye tunda zima. Vijidudu hivi hupenda maji. Mwanga na hewa huvipunguza nguvu.

Tupige hesabu

Matunda kama 25 hutoa kilo 1 ya kokoa kavu. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, ekari moja huwa na miti kama 450. Tuseme kila mti umeozesha matunda 5 tu. Hayo ni matunda 2,250. Gawanya kwa 25. Umepoteza kilo 90! Chukua bei ya mnada wa mwisho kijijini kwako, uzidishe kwa 90. Hiyo ndiyo fedha iliyoozea shambani.

Ujue mti wako

Mche wa kokoa uliotokana na mbegu huota ukiwa na shina moja lililonyooka. Ukifika mita moja au moja na nusu hivi, huacha kurefuka, ukagawanyika panda. Hapo hutokea matawi 3 hadi 5 yanayotanuka pembeni. Hayo ndiyo matawi makuu.

Baadaye, chini ya panda, hutoka machipukizi yanayosimama wima kama fimbo. Haya ndiyo wezi wa chakula. Ukiyaacha, yatajenga ghorofa ya pili juu ya mti, halafu ya tatu. Mwishowe utahitaji ngazi ili kuvuna.

Jambo la pili la kujua: ua la kokoa halitoki kwenye ncha ya tawi kama la mwembe. Hutoka kwenye shina na kwenye matawi makubwa, penye vinundu vidogo. Kinundu kimoja hutoa maua mwaka baada ya mwaka. Ukikikwangua kwa panga, umeua matunda ya miaka mingi. Kwa hiyo usikwee mti na viatu vigumu, wala usivute tunda kwa mkono wakati wa kuvuna. Kata kikonyo kwa kisu kikali.

Wakati wa kupogoa

Kazi kubwa ifanywe mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno makubwa, wakati wa ukavu. Usikate siku ya mvua, kwa maana kidonda kibichi kinaingiza ugonjwa. Kazi ndogo ya kuondoa machipukizi ni ya mara kwa mara. Yakiwa bado laini, yavunje kwa mkono.

Hatua kwa hatua

1. Noa vifaa vyako. Mkasi wa kupogolea unafaa matawi madogo, msumeno unafaa makubwa. Panga butu huchana mti. Osha vifaa kwa sabuni, hasa ukitoka kwenye mti mgonjwa.

2. Simama kwanza. Uzunguke mti, uutazame pande zote kabla ya kukata. Tawi likishakatwa halirudi.

3. Anza na yaliyokufa, yaliyovunjika na yenye ugonjwa. Ondoa na mimea inayoota juu ya matawi na kunyonya mti.

4. Ondoa machipukizi yote yaliyosimama wima.

5. Kata matawi yanayoinama kugusa udongo na yanayosuguana na wenzake au kuingia katikati ya mti.

6. Punguza kilele. Mti wa mita 3 hadi 4 unatosha. Utaona matunda yote na kuyafikia.

Kata karibu na shina, usiache kisiki cha kuoza. Tawi nene likate kidogo kwa chini kwanza, kisha umalizie kwa juu. Hivyo halitachana gamba linapoanguka.

Usikate kupita kiasi

Anayeanza huogopa, halafu akizoea hukata mno. Ukimaliza, tazama chini. Ukiona vipande vya jua vinachezacheza ardhini, umefanya vizuri. Ukiona jua tupu, umezidisha, na shina litaungua. Mti uliotelekezwa miaka mingi usiutengeneze siku moja. Ugawe kazi kwa misimu miwili au mitatu.

Migomba ya kivuli usiifyeke yote. Majani makavu nayo yaache shambani. Vijinzi vidogo vinavyochavusha maua ya kokoa huzaliana humo na kwenye vigogo vya migomba vinavyooza. Lakini matunda meusi usiyaache, wala mtini wala chini. Wakati wa mvua yaondoe kila wiki, uyafukie mbali na miti.

Bei na panga

Mwaka 2024 bei ya kokoa duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, kwa sababu mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalipungua kwa hali mbaya ya hewa na magonjwa. Mwaka 2025 ikashuka sana. Bei hiyo mkulima wa Kyela haipangi. Lakini panga lako liko mkononi mwako. Anza na miti 10 msimu huu. Itie alama, uhesabu matunda yake mazima na meusi, ulinganishe na miti 10 ambayo hukuigusa. Kama una shaka, mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako akuonyeshe mti wa kwanza.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika shamba lako, miti mingapi ina giza chini yake?
2. Matunda meusi kijijini kwetu yanatupwa wapi?
3. Je, jirani akiacha matunda meusi shambani mwake, yanatuhusu sisi? Kwa nini?