Ngitili, Majani ya Akiba
Bariadi ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012, ulipoanzishwa Mkoa wa Simiyu. Huko neno ngitili lajulikana na kila mtoto achungaye; kwa wasomaji wetu wa mbali twalieleza. Mvua zianzapo, mwenye ardhi, au kijiji kizima, hufunga sehemu ya malisho ng'ombe wasiingie. Majani hukua, hata visiki vya miti huchipua. Hufunguliwa kiangazi kikikaza, mbuga zikiwa vumbi tupu, ndipo ndama na ng'ombe wadhaifu hupata kula.

Desturi hii ilidhoofika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja wakaziacha ngitili zao nyuma. Ilifufuliwa na kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, iliyoanza mwaka 1986.

Magomvi hayakosi. Aingizaye mifugo kwa siri huitwa mbele ya dagashida, baraza la wenyeji, akatozwa faini. Twaona ni haki, ingawa mtu mwenye ng'ombe wenye njaa twamhurumia pia. Lakini pamba na mahindi navyo vyataka ardhi, na penye mashamba mengi pa kufunga huwa padogo.