Fungurume 1915: Mashua za vita zilipovuka milima ya Mitumba kwa magurudumu

Likasi – Mwenye kutoka Likasi kuelekea Kolwezi kwa barabara anafika Fungurume akiwa katikati ya malori ya shaba na kobalti. Miaka zaidi ya 100 iliyopita, mizigo iliyotoka hapo kwa magurudumu ilikuwa ya namna nyingine kabisa: mashua mbili za vita.

Ilikuwa wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Wajerumani walikuwa wakitawala ziwa Tanganyika tangu Agosti 1914, meli yao Hedwig von Wissmann ilipoiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Waingereza wakaamua kuleta mashua mbili za mota, kila moja karibu mita 12, kutoka kwao mpaka ziwani. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake walikataa, akaziita Mimi na Toutou. (Kwetu sisi wa Kiswahili, jina la kwanza linachekesha.)

Zilifika Cape Town kwa meli, kisha zikapanda treni mpaka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na kuendelea kwa kupitia Kambove, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1913. Likasi haikuwa bado mji. Jina la Jadotville lilikuja mwaka 1931. Reli iliishia Fungurume. Reli nyingine, fupi, ilianzia Sankisia kwenda Bukama kwenye mto Lualaba. Katikati ya Fungurume na Sankisia kulikuwa karibu kilomita 235 za pori na milima ya Mitumba, bila barabara.

Mutuka wenyewe ulikuwa kitu kigeni. Mjerumani Paul Graetz, aliyetoka Dar es Salaam Agosti 1907, alifika Swakopmund kwa mutuka Mei 1909, karibu miezi 21 njiani. Kwa mashua, waliletwa matrakta mawili ya mvuke, yenye kula kuni na kunywa maji kuliko ng'ombe. Ng'ombe nao walikuwapo, makumi yao, kwa kusaidia kuvuta.

Lakini trakta halijifungulii njia. Watu wa vijiji walikata miti, wakang'oa visiki, wakaweka magogo juu ya mito: madaraja zaidi ya 100. Ilikuwa kiangazi, maji yalikuwa mbali, na wanawake waliyabeba kichwani ili matrakta yasizimike. Penye mlima mkali, mashua zilivutwa kwa kamba zilizofungwa kwenye miti. Haraka ilikuwa kubwa, kwa sababu mvua za Oktoba zingegeuza njia yote kuwa matope. Mwisho wa Septemba msafara ulifika Sankisia.

Tarehe 26 Desemba 1915, Mimi na Toutou ziliteka meli ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizama. Spicer-Simson alipewa medali. Vitabu vimeandika hata majina ya mashua, ila ya wale wanawake wa maji, sijayaona popote.

Na ile njia? Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na haja yake ikaisha. Kwa miaka mingi barabara za Katanga zilikuwa hasa za kufikisha mizigo kwenye gari la moshi. Wakoloni waliziendesha kwa mikono ya wanakijiji: vijiji vingi vilihamishwa kutoka porini na kuwekwa kando ya barabara, ili chifu aonekane, kodi ilipwe, na kila kijiji kifyeke kipande chake. Ndiyo maana mpaka leo nyumba zimejipanga mstari mmoja mrefu kando ya njia, na mashamba yako mbali nyuma.

Leo mambo yamegeuka. Gari la moshi limedhoofika, na madini yanabebwa na malori, ambayo yanalipa péage kwenye lami ya Likasi. Lakini anayekwenda Lubudi na Bukama bado anaangalia mawingu kwanza, kama walivyofanya mwaka 1915.